Nani Apime Mahindi? Uchambuzi wa Kisa cha Ghala la Nafaka Busia

Nusu ya wanaofanya kazi kwenye ghala hili la nafaka, upande wa Uganda wa mji wa mpakani wa Busia, ni wanawake. Mnunuzi wa kutoka nje alipomuuliza meneja kampuni inafanya nini kuhusu utofauti, usawa na ujumuishi kazini, jibu la kwanza lilikuwa hiyo nusu, na halikuwa uongo. Ila ukiingia ndani ukatazama nani yuko wapi, mambo yanabadilika. Wanawake wako kwenye turubai, wanachambua na kupepeta. Kwenye mizani, stoo, kikaushio na ofisini wamejaa wanaume, ukimwacha dada anayepika chai.

Ghala lenyewe nimelitunga kwa ajili ya mafunzo, kwa hiyo msomaji asihangaike kutafuta ni la nani. Sheria, viwango na matukio ya nchi ninayoyataja ni ya kweli, na mazingira ni yale ambayo mtu wa Busia anayajua.

Kwanza biashara yenyewe, maana bila kuielewa huwezi kuelewa kwa nini nafasi moja ya kazi ilizua ugomvi mkubwa hivi. Mahindi ya Uganda yanavuka kwenda Kenya. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu wa nafaka, kisha siku chache baadaye ikafungua tena kwa masharti. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5 na sumukuvu yote isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Lori likikutwa limevuka hapo, mzigo unarudi, na nauli ya kurudi ni ya kwako. Tangu wakati huo mkaguzi wa ubora, yule anayepokea gunia langoni na kusema linaingia au haliingii, amekuwa mtu mwenye nguvu ghalani. Analipwa kwa mwezi, ana mkataba, na wakulima wanamsalimia kabla ya kumsalimia meneja.

Pili, lugha. Ghalani wamo Wasamia, Wateso, Wasoga, Wagwere, Wajopadhola, na Wanubi wawili watatu. Kinachowaunganisha ni Kiswahili. Bei inapatanwa kwa Kiswahili, ugomvi unaamuliwa kwa Kiswahili, dereva wa Kenya anaelekezwa sehemu ya kuegesha kwa Kiswahili. Karatasi za ofisini ziko kwa Kiingereza, na kwa miaka mingi hakuna aliyeona shida, kwa sababu waliokuwa wanazisoma ni wale wale wanaoziandika.

Mnunuzi wa nje alipoleta masharti yake, meneja alifanya alichofanya kila mtu. Alimlipa mshauri kutoka Kampala amwandikie sera. Sera ikachapwa kwa Kiingereza, ikawekwa kwenye fremu, ikatundikwa ukutani karibu na mlango wa ofisi. Sanduku la malalamiko likafungwa ukutani, chini ya dirisha la msimamizi wa vibarua. Yakafanyika mafunzo ya siku moja hotelini, na walioalikwa ni wenye mikataba. Wanawake wa turubai hawakualikwa, na hata wangealikwa wangefikiria mara mbili, kwa sababu kibarua analipwa kwa gunia na siku ya hoteli haina gunia.

Sitaki kumcheka meneja huyu. Alitumia pesa, na alitaka kufanya vizuri. Mafunzo ya namna hiyo yanafanyika duniani kote, na matokeo yake yanajulikana: wanasosholojia Frank Dobbin na Alexandra Kalev, waliofuatilia makampuni ya Marekani kwa miaka mingi, waligundua kwamba mafunzo ya lazima peke yake hayaongezi wanawake wala Weusi kwenye nafasi za uongozi, na mara nyingine yanaleta ukaidi. Kinachosaidia zaidi ni kuwepo mtu anayewajibika kwa matokeo, na wakubwa kuwashika mkono wadogo wakawainua. Ghala la Busia halikufanya lolote kati ya hayo mawili. Wakati wa kuyafanya ulipokuja, lilifanya kinyume chake bila kujua.

Wakati huo ulikuja pale mkaguzi wa ubora alipoacha kazi. Tangazo likabandikwa: diploma ya kilimo au sayansi ya chakula, maombi kwa imeli, usaili kwa Kiingereza, awe tayari kufanya zamu ya usiku. Kazi ilimwendea kijana mmoja kutoka Kampala, mwenye diploma yake safi.

Sasa kuna mama mmoja kwenye turubai, amechambua mahindi hapo kwa miaka. Alifika kidato cha nne akaishia hapo. Nimtazame akifanya kazi, kwa sababu hapa ndipo uchambuzi wote unaposimama. Anaingiza mkono kwenye gunia hadi kwenye kiwiko, maana mjanja huweka kavu juu na mbichi katikati. Anatoa konzi, anaimwaga kwenye ungo, anaitikisa mara moja na kusikiliza. Anachukua punje moja, anaiuma kwa magego. Ikivunjika kwa mlio mkavu anatikisa kichwa kukubali. Ikilainika kabla ya kuvunjika anasema, "Hii bado, inataka jua la siku mbili." Kisha ananusa. Akikunja uso, gunia hilo linawekwa kando, na mkulima anaanza kujitetea kabla hajaambiwa kitu. Kipima unyevu kikija kuwekwa baadaye, mara nyingi kinasema alichosema yeye.

Wiki ya pili baada ya kijana kufika, mama alikwenda ofisini.

"Mzee, habari ya asubuhi."

"Nzuri, mama. Karibu, kaa."

"Nimekuja kuuliza ile kazi ya kupima."

"Tangazo si lilibandikwa, mama? Hukuliona?"

"Karatasi niliiona. Mtoto wangu ndiye alinisomea. Imesema diploma, imesema kutuma kwa imeli."

"Basi ndivyo ilivyo. Utaratibu ni mmoja kwa wote, mama. Hapa hatubagui mtu."

"Sawa, mzee. Lakini huyo kijana mliyemleta, anayemfundisha kujua mahindi ni nani? Si ni mimi?"

Meneja hakuwa na jibu, akasema atalifikiria. Na kweli alilifikiria.

Sentensi yake, kwamba utaratibu ni mmoja kwa wote, ndiyo inayofaa kuchimbwa. Mameneja wengi wanaamini kwamba ukimwekea kila mtu sharti lile lile umeshatenda haki. Marekani walilitolea uamuzi jambo hili zamani. Kampuni ya umeme ya Duke Power, jimbo la North Carolina, ilikuwa inataka cheti cha sekondari, au kufaulu mitihani ya akili, kwa yeyote anayetaka kutoka idara ya vibarua kwenda idara zenye mshahara mzuri. Sharti lilikuwa moja kwa Weupe na Weusi. Lakini Weusi wa jimbo lile walikuwa wamesomeshwa kwenye shule duni zilizotengwa, na wafanyakazi Weupe walioingia kabla ya sharti, wasio na cheti hicho, walikuwa wanaifanya kazi vizuri tu. Mwaka 1971, kwenye kesi ya Griggs, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema sharti linalowazuia watu wa kundi fulani na lisilohusiana na uwezo wa kuifanya kazi ni marufuku, hata kama mwajiri hakuwa na nia mbaya.

Uganda haihitaji kuazima hilo. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya rangi, jinsia, dini, asili ya mtu, ulemavu, hali ya VVU na mengineyo, na inatazama matokeo ya kitendo. Sheria hiyo hiyo inasema tofauti inayotokana na mahitaji halisi ya kazi yenyewe haihesabiki kuwa ubaguzi. Kwa hiyo swali la kumuuliza meneja ni hili: kila sharti ulilobandika ukutani, kazi inalihitaji kweli?

Tuyapitie. Imeli haihusiani na kupima mahindi hata kidogo. Iliwekwa kwa kuwa ndivyo matangazo ya Kampala yanavyoandikwa. Usaili wa Kiingereza nao una kasoro ya ajabu: kazi inayofanywa kwa Kiswahili kutwa nzima inafanyiwa usaili kwa lugha ambayo mkulima wa wilaya ya Namutumba, akiambiwa gunia lake limekataliwa, hatabishana kwayo. Uwezo wa kumweleza mkulima kwa upole kwa nini mzigo wake umerudishwa, akaelewa na msimu ujao akaja tena, haukupimwa kabisa, na ndio uwezo unaolipatia ghala mahindi.

Suala la diploma ni gumu zaidi, na hapa sikubaliani na wanaosema uzoefu wa mama unatosha. Hautoshi. Sumukuvu haionekani kwa macho, haina harufu, na punje inayolia vizuri chini ya jino inaweza kuwa nayo. Mahindi yaliyooza utayanusa, lakini kipimo cha sehemu 10 kwa bilioni hakinusiki. Panahitajika kusaga sampuli, kuchanganya na kimiminika, kuchovya kijistripu, yaani kijikaratasi cha kupimia, kusoma matokeo na kuyaandika bila kukosea, tena maelekezo yake yako kwa Kiingereza. Mtu akikosea hapo, watu wanakula sumu inayoharibu ini. Kwa hiyo meneja alikuwa na sababu ya kutaka elimu.

Ila elimu hiyo ni kiasi gani? Kutumia kifaa cha kupimia sumukuvu hufundishwa kazini kwa muda mfupi, na mtu wa kidato cha nne anaweza kufuata hatua zake na kujaza fomu. Kujua gunia lipi litolewe sampuli, na kuingiza mkono hadi wapi, kunachukua misimu. Ghala lilimchukua mwenye kile kinachofundishika upesi, likamwacha mwenye kile kinachochukua miaka, na baadaye likamtaka aliyeachwa amfundishe aliyechukuliwa bila malipo. Kwangu hiyo ni dhuluma kwa mama, na kwa mwenye ghala ni biashara mbovu.

Yule kijana naye ana upande wake. Hajui Kisamia, Kiswahili chake ni cha kubahatisha, na mchana watu wanaongea juu ya kichwa chake na kucheka. Anakula peke yake kwenye ngazi za stoo. Amechukuliwa kama mgeni aliyekuja kunyang'anya, wakati yeye aliona tangazo akaomba kazi. Kazi ya kujumuisha inamhusu na yeye, na anayeweza kuianza ni mama yule yule, kama hatakuwa ameumizwa kiasi cha kukataa.

Zamu ya usiku nitaisema kwa kifupi. Ni ya lazima kweli, kwa sababu msimu wa mavuno malori huingia saa yoyote. Lakini linalomzuia mwanamke ni namna ya kufika nyumbani saa nane usiku. Ghala lenye boda boda wanaolipwa kubeba barua na sampuli haliwezi kusema limeshindwa kulipa boda wa kumrudisha mfanyakazi.

Nilipofika hapa kwenye kukitunga kisa, nilidhani tatizo ni tangazo la kazi. Kadiri nilivyozidi kuwafuata wanawake wa turubai ndivyo nilivyoona kwamba tangazo ni tawi tu. Shina liko langoni.

Kila asubuhi saa moja wanawake wanasimama nje ya geti. Msimamizi anatoka, anaonyesha kidole: wewe, wewe, na wewe. Waliobaki wanarudi nyumbani. Kanuni za Ajira za 2011 zinasema mtu haruhusiwi kuwekwa kama kibarua zaidi ya miezi minne. Akipita hapo, si kibarua tena, anastahili mkataba wa maandishi na haki zinazokwenda nao. Mama wa ungo amepita miezi minne mara nyingi mno. Kwa sheria, alishakuwa mfanyakazi zamani, na sera iliyoko kwenye fremu haimtaji.

Ukosefu wa mkataba unazaa mengine yote. Likizo ya uzazi kwa sheria ya Uganda ni siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na baba anapata siku 4. Kwenye turubai mwanamke anajifungua, anakaa nyumbani bila senti, na akirudi anaanza upya kusimama getini na mtoto mgongoni. Tangazo la kupandishwa cheo halimhusu kwa sababu hana cheo cha kuanzia. Mafunzo ya hotelini hayamhusu kwa sababu hayumo kwenye orodha. Kwenye hesabu ya mnunuzi, lakini, yumo: ndiye anayeifanya ile nusu iwe nusu.

Tena pana kile kidole cha msimamizi. Mtu mmoja anapoamua kila asubuhi nani atakula leo, bila daftari na bila kueleza, mlango wa unyanyasaji wa kijinsia umeachwa wazi. Sheria ya 2006 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 awe na hatua za kuzuia unyanyasaji huo, na kanuni za 2012 zikaeleza zaidi: sera ya maandishi, na watu wa kupokea malalamiko. Ghala lina wafanyakazi zaidi ya idadi hiyo. Lina sanduku. Na sanduku liko chini ya dirisha la mtu ambaye wangelalamika juu yake. Tangu liwekwe halijapata karatasi hata moja, na kwenye ripoti meneja aliandika kwamba hakuna malalamiko. Sanduku tupu mahali kama hapo ni jambo la kumtia mtu wasiwasi, maana siamini kuna ghala la vibarua lisilo na manung'uniko. Ofisi ya afisa wa kazi wa wilaya ipo, mfanyakazi anaweza kwenda kulalamika huko, lakini hakuna aliyewaambia wanawake hawa.

Kuna pia karani wa mizigo, kijana anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu, kama wengi wanaovusha bidhaa pale mpakani. Huyu aliajiriwa kwa uwezo wake na anaheshimiwa. Anachodai ni njia ya mteremko kwenye choo, basi. Mfuko wa saruji na siku moja ya fundi vingemaliza jambo ambalo sera ya kurasa kadhaa haikuligusa.

Mwaka 2025 mambo yakageuka. Januari mwaka huo Rais Donald Trump alitia saini amri za kufuta programu za aina hii kwenye serikali ya Marekani na kuwabana wenye mikataba nayo, na makampuni mengi yakaanza kupunguza sauti. Mnunuzi wa ghala letu akatuma fomu mpya. Lile swali la utofauti, usawa na ujumuishi halikuwemo. Meneja alishusha pumzi. Fremu ikatolewa ukutani, pakatundikwa kalenda.

Meneja hakufurahi kwa ajili ya gharama peke yake. Tangu Sheria ya Kupinga Ushoga ya 2023, neno lolote linalofanana na ujumuishi limekuwa linawatisha wakuu wa kazi Uganda. Wapo wafanyakazi waliouliza siku ile hotelini kama mafunzo ni ya mambo hayo, na mshauri aliruka ukurasa haraka. Hofu hiyo ninaielewa. Lakini imekuwa kisingizio cha kuwafungia kabatini hata mama wa turubai na karani wa baiskeli.

Wanaosema haya ni mambo ya Wazungu, kwamba Wazungu wakiacha nasi tuache, wanaisahau nchi yao. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 21, inakataza kumbagua mtu kwa jinsia, kabila, dini, ulemavu au hali yake ya kiuchumi. Ibara ya 32 inaitaka serikali ichukue hatua za kuwainua walioachwa nyuma, na ndiyo iliyozaa Tume ya Fursa Sawa iliyoundwa kwa sheria ya 2007. Kabla hata ya Katiba hiyo, mwaka 1990, wasichana walianza kuongezewa alama 1.5 wakiomba kuingia chuo kikuu cha serikali. Mikataba ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu malipo sawa na ubaguzi kazini, Uganda iliiridhia 2005. Fomu ya mnunuzi ilipobadilika, katika haya yote hakikubadilika hata kifungu kimoja. Meneja anadaiwa leo alichokuwa anadaiwa kabla ya fomu hiyo, tofauti ni kwamba mdai wa nje ameacha kupiga simu.

Kwa hiyo ushauri ninaompa unaanzia langoni. Orodha ya vibarua iandikwe kwa majina na tarehe za kuanza, na kila aliyepita miezi minne apewe mkataba, unaosomwa kwa Kiswahili mbele yake kabla hajatia saini. Uchaguzi wa asubuhi ufanywe kwa daftari la zamu linalobandikwa Jumamosi, ili kidole kikose kazi. Sanduku liondolewe pale lilipo, na malalamiko yapokewe na watu wawili, mmoja mwanamke aliyechaguliwa na wenzake wa turubai.

Nafasi ya pili ya mkaguzi itahitajika msimu ujao, kwa sababu mtu mmoja hawezi zamu mbili. Itangazwe kwa mdomo kwenye turubai na kwa karatasi ya Kiswahili. Usaili uwe wa vitendo: magunia matano, kipima unyevu, kijistripu cha sumukuvu baada ya mafunzo ambayo kila mwombaji amepewa, na mkulima mmoja mwenye hasira wa kuelezwa. Mama akishindwa hapo, ameshindwa kwa haki. Kijana wa Kampala awe mmoja wa wanaofundisha kifaa, mama afundishe gunia, na wote wawili walipwe kwa kufundisha.

Limebaki la pesa, na hili ndilo meneja analolikwepa. Sheria ya 2006 inataka malipo sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Wabebaji wanalipwa kwa gunia linalopandishwa kwenye lori, wachambuaji kwa gunia linalosafishwa, na bei ya gunia kwa wachambuaji ni ya chini. Gunia linapandishwa kwa dakika. Kulisafisha, punje kwa punje, mgongo umeinama, vumbi puani, kunakula sehemu kubwa ya asubuhi, na bila kusafishwa halivuki mpaka. Kima cha chini cha mshahara hakitamsaidia mtu hapa: kilichopo ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa 1984, na muswada wa kukibadilisha uliopitishwa na Bunge 2019 Rais alikataa kuusaini. Kwa hiyo hesabu itabidi ifanywe ndani ya ghala, kwa saa na kwa jasho, meneja na wawakilishi wa turubai na wa wabebaji wakiwa meza moja. Na ifanywe kabla ya Juni, malori ya mavuno ya kwanza hayajaanza kupanga foleni, kwa sababu msimu ukishaanza hakuna atakayepata nafasi ya kukaa.